Kuyaona Mafiga kutoka Chini

Siku ya mtihani tulikuwa watu kumi ndani ya maabara. Mkufunzi alisimama nyuma ya meza ndefu. Mkuu wa chuo na Katibu wa tawi la chama walikaa kwenye viti viwili vilivyoletwa kutoka ofisini. Wanafunzi walikuwa sita, wamepangwa kwenye benchi kwa kufuata herufi za majina yao: Anjelina, Festo, Mwanaidi, Rajabu, Salumu, na mwisho Veronika, mdogo wangu wa tumbo moja. Wa kumi ni mimi. Nilikuwa nimeshika jagi la maji ya wageni, na sidhani kama mtu mwingine yeyote angenihesabu.

Nitafika kwenye mtihani huo. Lakini mtu akisimuliwa siku ile peke yake atadhani Mkufunzi alikuwa mkatili siku ile tu. Hapana. Alikuwa mkatili kwa mpangilio, Jumatatu mpaka Jumamosi, kama mtu anayepalilia shamba.

Chuo chetu kilikuwa Morogoro, chini ya mlima, na kilifundisha wataalamu wa maabara waliotakiwa viwandani na hospitalini. Mimi nilikuwa mwosha chupa. Niliacha shule darasa la sita, mama alipomfuata baba kaburini, nikabaki na wadogo watatu: Veronika, Kosmas na Tekla. Mjomba alitaka kutugawa, kila mtoto nyumba yake. Nilimwambia hatugawanyiki. Nikafinyanga vyungu kama mama, nikalima mboga kwenye matuta ya bibi huko juu ya Bigwa, na chuo kilipotafuta mtu wa kuosha vyombo vya kioo bila kuvivunja, nikashuka mlima. Kwa kazi hiyo Veronika alisoma mpaka akaingia chuo hicho hicho. Akimaliza angeajiriwa, na Kosmas na Tekla wangepata shule. Akishindwa tungerudi wote kwenye matuta, na Mjomba angekuja na mgawanyo wake. Mkufunzi aliyajua yote haya, kwa sababu nilimwambia mwenyewe, nikidhani yatamlainisha.

"Wewe uliacha shule, au shule ilikuacha?" aliniuliza.

"Njaa ilituachanisha, Mkufunzi."

"Njaa haijui kuosha pipeti. Wewe utajua?"

Alikuwa mwembamba, mwenye shingo ndefu, na sikumwona hata siku moja bila tai. Jumamosi chuo kizima kilipokwenda kulima mihogo ya kujitegemea, alikuja na jembe lake la mpini mrefu, akaitupa tai begani, akamaliza matuta mawili wakati vijana wa miaka ishirini wako nusu ya tuta la kwanza. Halafu alirudi nyuma kuwatazama, akawaambia kwa upole kabisa kwamba mihogo itaota yenyewe kwa kuwaonea huruma.

Katibu wa tawi alimpenda kwa lile jembe na akamwogopa kwa ule ulimi. Siku moja Katibu alihutubia bwaloni kwamba binadamu wote ni sawa. Mkufunzi akanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Ndugu Katibu, miguu yako miwili ni sawa?"

"Ni sawa, Ndugu."

"Basi vaa kiatu cha kulia mguu wa kushoto, na cha kushoto mguu wa kulia, utembee mpaka sokoni. Ukirudi utuendelezee hotuba."

Bwalo lilicheka. Katibu naye alicheka, lakini niliona alivyotazama viatu vyake chini ya meza. Mkufunzi hakuwa anapinga siasa. Ujamaa aliukubali, sukari yake ya mgawo aliwapa wapishi. Alichokuwa anafikiria ni kemia tu. Viatu viwili, ngozi ile ile, soli ile ile, kamba zile zile, na bado kimoja hakiingii mahali pa mwenzake: hilo ndilo lililomkosesha usingizi, na alitaka litukoseshe na sisi.

Somo lenyewe nitalieleza kama nilivyolielewa mimi. Kaboni ina mikono minne. Mikono hiyo haikulala bapa kama msalaba. Imetawanyika pande zote, kila mmoja umejitenga na wenzake kadiri unavyoweza. Kila mkono ukishika kitu tofauti, vitu vinne tofauti, basi kuna namna mbili za kuvipanga, na namna hizo mbili ni kama kiatu cha kulia na cha kushoto. Kujua ni ipi, unavipanga kwa uzito. Chepesi kuliko vyote unakipeleka nyuma, mbali na jicho lako. Vitatu vilivyobaki vinakukabili. Unakwenda kutoka kizito cha kwanza hadi cha pili hadi cha tatu. Ukizunguka kwa kufuata saa, ni wa kulia. Ukizunguka kinyume, ni wa kushoto. Kwisha.

Kwisha mdomoni. Tatizo ni kwamba ubao ni bapa, na kichwa cha mtu aliyesomea ubaoni nacho huwa bapa. Mwanafunzi alikuwa anaona duara linaelekea kulia, anasema kulia, kumbe kile chepesi kinamtazama usoni, kwa hiyo jibu ni kinyume chake.

"Ubao ni mwongo bapa," alikuwa anasema, akiupiga kwa kifutio mpaka vumbi la chaki linamkalia kwenye tai. "Na ninyi ni waumini wake."

Modeli za kununua hazikupatikana. Maombi yalirudi na jibu kwamba fedha za kigeni hakuna. Ndipo aliponijia kwenye sinki.

"Unafinyanga vyungu?"

"Ndiyo, Mkufunzi."

"Finyanga kitu chenye maana."

Nikamfinyangia vigololi vya udongo, vikubwa kumi na viwili vya katikati, na vidogo arobaini na vinane vya kuzunguka. Kila kikubwa nilikitoboa matundu manne kabla ya kukichoma, nikachomeka vijiti vya mianzi. Vidogo nilivipaka rangi: masizi kwa kile kizito kabisa, udongo mwekundu kwa cha pili, manjano kwa cha tatu, chokaa kwa chepesi. Mweusi, mwekundu, njano, mweupe. Vile vikubwa aliviandika namba, moja mpaka kumi na mbili.

Matundu ndiyo yaliyonifundisha. Nilipotoboa mara ya kwanza alikitazama kigololi, akakitupa ukutani kikapasuka. Cha pili hivyo hivyo. Cha sita aliniambia nifumbe macho, akakiweka mkononi mwangu. "Kidole kimoja kila tundu. Vidole vyako vinabanana wapi?" Vilikuwa vinabanana upande mmoja. Nikaelewa. Tangu hapo nilitoboa kwa kufumba macho, na sikukosea tena. Hakunisifu. Alisema, "Kumbe udongo ulikuwa unamsubiri mtu."

Adhabu zake hazikuwa viboko. Mwanafunzi aliyejibu bila kumtafuta mweupe kwanza alivishwa kigololi cha chokaa shingoni kwa kamba ya katani, akakaa nacho wiki nzima, bwaloni, shambani, kanisani au msikitini. Mwanaidi alikwenda nacho nyumbani kwao kwenye maulidi. Mama yake akadhani binti amepewa hirizi na mganga, akamlilia. Mwanaidi alipomweleza Mkufunzi, alijibu, "Mwambie mama yako haifanyi kazi."

Na bado alikuwa anajua kukufanya uone. Alitusimulia kwamba ile asidi inayochachusha maziwa ndiyo hiyo hiyo inayojikusanya kwenye misuli ya mtu anayepanda mlima na mzigo, na kwamba mwili hutengeneza ile ya mkono wa kushoto tu. "Wewe mwosha chupa," alinigeukia, "ukipanda kwenu na kikapu kichwani, ule moto wa mapajani una upande. Fikiria hilo ukifika kwenye kona ya tatu." Nililifikiria. Mpaka leo nikipanda nalifikiria, na siwezi kusema mlima umekuwa mfupi, lakini umekuwa na kitu ndani yake.

Kwetu alikuja mara moja. Alitaka kuona udongo unakotoka. Ilikuwa Jumamosi alasiri, mwendo wa saa moja na nusu kwa mguu, na alifika na tai yake imelowa. Watoto walimsalimu shikamoo. Alijibu kwa kidevu, kama kawaida yake. Aliushika udongo, akasema hauna adabu. Nilimpa togwa, akanywa vibuyu viwili. Halafu akaingia jikoni kuomba moto wa sigara, akasimama pale, akayatazama mafiga.

Mafiga matatu, moto katikati, moshi unapanda juu.

Alivua viatu. Akainama, akalala chali kwenye udongo wa jikoni, tai na yote, kichwa karibu na majivu. Tekla, aliyekuwa na miaka saba, alinikimbilia: "Dada, mgeni amekufa!"

"Sijafa," Mkufunzi alisema kutoka chini. "Njoo hapa wewe mdogo. Hili figa ni la kwanza, lile la pili, lile la tatu. Simama juu yake, uangalie kutoka kwenye moshi. Unazunguka kwenda wapi?"

Tekla akazungusha kidole, huku macho yanamtoka machozi kwa moshi. "Huku." Ilikuwa kulia.

"Vizuri. Sasa moshi ndiye mwepesi wenu, na anakuja usoni kwako. Umekosea. Lala hapa. Moshi ukimbie mbali na wewe. Uyaone mafiga kutoka chini ya ardhi. Unazunguka kwenda wapi?"

Tekla akalala, akatazama, akacheka. "Yamegeuka!"

"Hayakugeuka. Wewe ndiye uliyegeuka." Alikaa kitako, na kwa mara ya kwanza na ya mwisho nilimwona akitabasamu na meno. "Moto ni kaboni," alisema, kama mtu anayejisemea. "Kweli kabisa, moto ni kaboni."

Watoto walimsindikiza hadi kwenye kijito. Nilijiambia, kumbe ana moyo.

Jumatatu alichora mafiga ubaoni. Akamwita Veronika mbele, akamuuliza ni wa kulia au wa kushoto. Veronika, ambaye kwa karatasi alikuwa hodari na kwa macho alikuwa kipofu, akasema kulia.

"Nyumbani kwenu nimekunywa togwa, mafiga yenu nimeyaona," Mkufunzi akasema. "Mafiga huonwa kutoka chini. Kama wewe huwezi, waulize wazazi wako. Huko ndiko waliko."

Nilikuwa nasuuza chupa. Sikuivunja. Darasa halikucheka, hata Festo aliyecheka kila kitu. Veronika alisimama pale na chaki mkononi, kisha akasema taratibu, "Kushoto."

"Ahaa," Mkufunzi akasema. "Wamejibu."

Hilo nimelibeba miaka mingi na sijui pa kuliweka. Kwa sababu kuanzia siku hiyo Veronika aliona. Siyo vizuri, siyo haraka, lakini mlango ulikuwa umefunguka, na aliyeufungua aliufungua kwa kumpiga nao usoni. Kila asubuhi tulipokuwa tukishuka mlima nilimfundisha kwa vijiti na ndimu changa. "Mshike mweupe kama mpini," nilimwambia, "mkono wako uwe upande wa pili, wale watatu wakutazame." Alikuwa anashika, anazungusha, anasema. Mwanzoni alikosea nusu. Kufikia mwezi wa mwisho alikuwa hahitaji kushika.

Kulikuwa na njia nyepesi zaidi. Modeli zilikuwa kumi na mbili tu, zenye namba, nazo hazikubadilika mwaka mzima. Rajabu aliandika orodha: namba moja kushoto, namba mbili kushoto, namba tatu kulia, hivyo hadi kumi na mbili. Baba yake alikuwa mkata miwa Kilombero. Rajabu mwenyewe alikuwa mpole, mwenye mwandiko mzuri, na ndiye aliyenisaidia kubeba ndoo za maji bomba la maabara lilipokauka. Karatasi moja ya mtihani wa mwezi wa sita ilikuwa imemshinda. Akipungukiwa nyingine angeondoka chuoni. Aligawa orodha yake kwa wenzake wote bila kudai chochote, na nakala moja alimletea Veronika.

"Chukua, dada yangu. Huyu mzee anatujali sisi au anajali kemia?"

Veronika alinionyesha. Nilimwambia airudishe. Sikumwambia hivyo kwa sababu ya uaminifu. Nilimwambia kwa sababu niliogopa Mkufunzi ataigundua.

Siku moja kabla ya mtihani ilitangazwa kwamba Mkuu na Katibu watahudhuria. Modeli zilikuwa zimekaa na vumbi la chaki na alama za vidole. Mkufunzi akaniambia, "Zioshe. Zipake rangi upya. Sitaki wageni wadhani tunafundishia uchafu."

Kwetu mgeni akitarajiwa, vyombo vyote vinaoshwa pamoja. Unavitoa vyote, unavitumbukiza kwenye karai moja, unavisugua kwa majivu, unavianika kwenye uchanja, halafu kila kifuniko kinarudi kwenye chungu chake. Nilifanya hivyo hivyo. Nilichomoa vigololi vyote arobaini na vinane, nikavisugua, nikavipaka, nikavianika juani kwa rangi zao, vikapendeza. Kisha nikavirudisha: kila kikubwa kikapata mweusi mmoja, mwekundu mmoja, njano mmoja, mweupe mmoja. Hakuna kilichobaki, hakuna kilichopungua. Nilijua kwamba ukiwabadilisha nafasi wawili tu umepata kiatu cha mguu mwingine. Nililijua hilo kwa vidole vyangu kuliko mtu yeyote pale, ukimtoa Mkufunzi. Lakini mikono yangu ilikuwa inaosha vyombo vya wageni, na mikono inayoosha vyombo haifikirii kemia.

Asubuhi ya mtihani Mkufunzi aliweka modeli mezani, akazifunika kwa kitambaa. Kila mwanafunzi alipata tatu. Mkufunzi aliinua modeli, akaigeuza anavyotaka yeye, akahesabu hadi kumi, akaifunika. Kugusa ilikuwa marufuku. Mwanafunzi alisema kulia au kushoto, na Mkufunzi alitazama daftari lake la majibu lenye jalada la kijani. Kukosa mbili kati ya tatu ni kushindwa.

Anjelina aliitwa. Namba nne.

"Kulia," alisema kabla hata hesabu haijafika sita.

Nilikuwa namimina maji kwenye bilauri ya Katibu. Niliitazama modeli mkononi mwa Mkufunzi. Mweupe alikuwa nyuma. Mweusi, mwekundu, njano. Ilikuwa kushoto.

"Vema," Mkufunzi akasema, akitazama daftari.

Maji yalimwagika. Katibu alivuta kiatu chake. Nilijua pale pale, kama mtu anavyojua ameacha chungu motoni. Nikawaza haraka: daftari limemkubali Anjelina. Hakuna aliyeumia. Nikisema sasa, watasema nimeharibu mtihani, nitafukuzwa, na Veronika atafukuzwa pamoja nami. Nikanyamaza. Festo akajibu kama orodha, akaambiwa vema. Mwanaidi vema. Rajabu, akiwa ametoka jasho hadi kwenye kola, vema, vema, vema; akarudi benchi akifumba macho kama mtu aliyevuka mto. Salumu vema.

Akaitwa Veronika. Namba nne tena.

Alitazama mpaka kumi. "Kushoto."

Mkufunzi akatazama daftari. "Kulia. Namba saba."

"Kulia," Veronika akasema.

"Kushoto. Umeshindwa." Hakuinua sauti. "Ya tatu ni ya adabu tu. Au ungependa tukawaulize wazazi tena?"

Veronika hakurudi benchi. "Mkufunzi, nimeona kushoto. Namba nne nimeiona."

"Ulichoona ni njaa."

Nikaweka jagi chini.

"Mkufunzi, amejibu sawa. Modeli siyo zile. Jana nilizichomoa zote nikazichanganya."

Mkuu wa chuo aligeuka kunitafuta, kana kwamba sauti imetoka kwenye bomba. Mkufunzi hakuonyesha mshangao. Aliinua namba moja.

"Hii?"

"Kulia."

"Daftari linasema kushoto. Hii?"

"Kushoto."

Alinipitisha zote kumi na mbili, bila kunipa nafasi ya kumeza mate. Nilizisema zote. Saba zilikuwa zimegeuka. Alipomaliza alichukua kalamu, akachora mstari mmoja mrefu kwenye karatasi ya alama, kutoka Anjelina mpaka Salumu.

"Huyu mmoja amejibu swali," alisema. "Hawa watano wamejibu daftari langu. Sikuwauliza daftari langu."

Katibu alisimama. "Ndugu Mkufunzi, kosa ni la huyu mama wa chupa. Vijana warudie mtihani."

"Wakirudia watajifunza jambo moja tu, Ndugu Katibu: kwamba kuna kurudia."

Mkuu wa chuo alikuwa na neno la mwisho, na neno lake la mwisho lilikuwa kuikunja ile karatasi ya alama bila kubadilisha kitu. Wanne walirudia mwaka. Rajabu, mwenye karatasi mbili pungufu, aliondoka.

Alipita maabara akiwa na sanduku lake la bati begani. Nilidhani atanitukana. Alisimama mlangoni, akasema, "Dada, jana ulipokuwa unaziosha, mbona hukuniita? Ningekusaidia kuzipanga."

Mimi sikufukuzwa. Mkufunzi alinibakiza, na hiyo ndiyo ilikuwa adhabu yangu na ya wengine. Kila mwaka, kwa darasa jipya, aliniita kutoka kwenye sinki na mikono yangu inachuruzika, akaniinulia modeli kumi na mbili, nami nikazisoma. "Huyu aliishia darasa la sita," alikuwa anawaambia. "Ninyi mmeishia wapi?" Hakuna mtu aliyewahi kunisifu kuliko yeye, na kila sifa ilikuwa fimbo ya kumpigia mtu mwingine. Wanafunzi walijifunza kunichukia kabla hawajajua jina langu. Wengi wao, lazima niseme, walijifunza kuona.

Baadaye alistaafu akahamia Kihonda, kwenye nyumba isiyo na dari. Nilimwona tena katika ile miaka ambayo sabuni ilikuwa habari. Duka la ushirika lilitangaza sabuni, watu wakaweka mawe kwenye foleni tangu alfajiri, kila mtu jiwe lake, wakaenda kwenye shughuli zao. Nilipofika kulikuwa na kelele. Mzee mwembamba mwenye tai alikuwa amesimama katikati ya mawe.

"Mzee, jiwe lako lipi?" kijana mmoja alimuuliza.

"Mimi siyo jiwe. Mimi nimesimama."

"Basi simama nyuma, Mzee. Mawe yametangulia."

Watu walicheka. Nilimwendea.

"Shikamoo, Mkufunzi."

Alijibu kwa kidevu. "Mwosha chupa. Umenenepa. Yule mdogo wako?"

"Hajambo. Yuko maabara ya hospitali, Dodoma. Kosmas ni fundi mitambo. Tekla yuko kidato cha tatu."

"Mjomba wenu hakuwagawa."

"Hakutugawa."

 Foleni ikasogea, watu wakisukuma mawe yao kwa miguu.

"Namba nne na namba saba," alisema. "Na ile ya kwanza. Niligundua asubuhi ile kabla ya kengele. Nilizipitia zote."

Sikuelewa mara moja. Kisha nikaelewa. "Ulijua? Na ukawaacha waingie?"

"Mtihani ulikuwa umejitunga wenyewe, bora kuliko niliotunga mimi. Anayeona ataona, anayekariri atakariri. Kwa nini niuharibu?"

"Rajabu alifukuzwa kwa hilo. Ulimwambia vema mara tatu, ukijua siyo vema."

"Ndiyo. Hilo ni langu, sijakupa ulibebe." Alinitazama kama alivyokuwa akiitazama modeli, kichwa kimeinama upande. "Alikuja mwaka uliofuata kuniomba barua ya kazi. Sikumpa. Ningeandika nini, kwamba anakariri vizuri? Lakini nikuulize wewe. Wewe uligundua lini?"

Nilitazama mawe yaliyokuwa mbele yetu.

"Maji yalimwagika kwa Anjelina," alisema. "Nilikuwa nakungoja. Ungesema pale, ningezipanga upya, wote sita wangeanza pamoja. Ukanyamaza. Festo, ukanyamaza. Mwanaidi. Yule wa miwa. Salumu. Watano wamepita mbele yako kila mmoja akijifunga kamba kwa mdomo wake mwenyewe, na wewe umeshika jagi. Ilipofika zamu ya damu yako, ndipo ukapata sauti." Alirekebisha tai. "Sikulaumu. Nasema tu, tulikuwa wawili."

Nilimwambia kwamba nilikuwa na watoto wa kulea.

"Najua. Nilikunywa togwa yao."

Sabuni iliisha watu saba kabla yetu. Aliondoka bila kuaga, akipita katikati ya mawe bila kuyakanyaga, na baada ya hapo sikumwona tena. Nilisikia amezikwa huko huko Kihonda, na kwamba waliohudhuria walikuwa wengi kuliko alivyostahili, nusu yao wamevaa makoti meupe ya hospitali.

Rajabu anaishi Matombo. Amekuwa muuzaji wa duka la kijiji, ana mke wa huko, na mwandiko wake mzuri ndio unaoandika barua za watu. Anachojua yeye ni kile alichokiona kutoka kwenye benchi: kwamba dada mmoja mwosha chupa alisimama mbele ya wakubwa akasema ukweli alipoujua. Akina mama wanaoleta ndizi sokoni huniletea salamu zake karibu kila mwezi. "Msalimieni yule dada aliyesema kweli," ndivyo anavyowaagiza. Lori la Matombo huondoka sokoni Jumanne na Ijumaa. Nimelipanda mara mbili, na mara zote mbili nimeshuka kabla halijajaa. Salamu nimezipokea zote. Sijajibu hata moja.